Siri ya Mtungi: Nani Anajua Jina la Shujaa

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mlioletwa hapa na watoto wenu: habari za jioni.

Dada aliyenipigia simu kunialika alitaka kwanza kuhakikisha kwamba sitanii. Mwalimu wa historia aliyestaafu, babu mwenye wajukuu, anataka kuzungumzia mashujaa wa katuni za Kimarekani jioni nzima? Nikamwambia ndiyo, na kwamba nilianza kusoma katuni kabla sijasoma historia. Nilipokuwa kijana nilinunua kwa muuza vitabu vya mitumba jarida moja la Batman. Jalada lilikuwa limechanika na karatasi ya mwisho haikuwepo. Nililisoma mpaka likaanza kupauka. Kila mara nilikwama mahali pale pale: Batman amezimia, mtu amepiga magoti kando yake, vidole vimeshashika ukingo wa barakoa. Basi. Hadithi imeishia hapo. Mpaka leo sijui kama aliivua.

Zamani swali langu lilikuwa hilo, kama aliivua. Nilipokua likabadilika. Kama aliivua, akauona uso, kesho yake alifanya nini?

Wahenga wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa vijana mliokulia kwenye friji, kata ni kifuu cha nazi kilichotiwa mpini, cha kuchotea maji mtungini. Mtungi unaonekana na wote, umekaa pale pembeni, umepoa. Kilichomo ndani, kama ni maji masafi au matope, anayejua ni kata. Jioni hii naomba tuwaweke kando mitungi, yaani hao wanaoruka na kubeba magari, tuzungumze na kata zao: wake, marafiki, watumishi, maadui, walioijua siri ya jina.

Siri hii ya majina mawili haikuanzia kwa Superman. Mwaka 1905 pale London ilichezwa tamthilia ya Baroness Orczy kuhusu bwana mmoja wa Kiingereza, Sir Percy Blakeney, ambaye watu humwona mpumbavu anayependa nguo nzuri tu, kumbe kwa siri ndiye anayewaokoa Wafaransa wasikatwe vichwa wakati wa mapinduzi. Mke wake mwenyewe, Marguerite, hajui. Analala nyumba moja na shujaa na anamdharau kwa upumbavu wake. Hadithi zote nitakazowasimulia leo zimo tayari ndani ya nyumba hiyo.

Kisha akaja Zorro, mwaka 1919, kazi ya Johnston McCulley. Hapa pana kichekesho. Mwishoni mwa hadithi yake ya kwanza Zorro anavua barakoa hadharani, watu wanamwona kuwa ni Don Diego, mambo yamekwisha. Mwandishi alidhani kamaliza. Mwaka uliofuata Douglas Fairbanks akaigeuza kuwa filamu, filamu ikavuma, wasomaji wakataka zaidi. McCulley akarudi kuandika kana kwamba hakuna aliyeona kitu. California nzima ikasahau uso wa jirani yao! Ushikeni usahaulifu huu, tutakutana nao tena.

Sasa twende Cleveland, jimbo la Ohio, kwa vijana wawili, Jerry Siegel mwandishi na Joe Shuster mchoraji. Superman wao alitoka katika jarida la Action Comics toleo la kwanza, Juni 1938, na haki zote wakaziuza kwa dola 130. Siegel alieleza baadaye kwamba shuleni kulikuwa na wasichana aliowapenda ambao hawakujua hata kama yupo, akawa anawaza: ingekuwaje kama ningekuwa na kitu ndani yangu wasichokiona? Mwenye miwani, mwoga, anayejikwaa, yaani Clark Kent, jina ambalo Superman huishi nalo kati ya watu, huyo ndiye Siegel. Mwenye joho jekundu ndiye jibu lake kwa wale wasichana. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, siri ya Superman haikuhusu majambazi hata kidogo. Ilimhusu Lois Lane, mwandishi mwenzake Clark gazetini.

Na Lois alicheleweshwa kuijua kwa namna ya kikatili. Mwaka 1940, miaka miwili tu tangu shujaa azaliwe, Siegel aliandika hadithi ambamo Superman anamwambia Lois ukweli, na kuanzia hapo wawe wanashirikiana. Wenye jarida hawakuichapisha. Unaweza kuwaelewa kibiashara: duka lao lilikuwa linauza swali, na Siegel alitaka kugawa jibu bure. Matokeo yake, mwanamke mwenye akili, mwandishi wa habari anayefichua wezi wakubwa wa mji, akageuzwa kuwa mtu asiyeona kilicho meza ya jirani. Mwaka 1958 akapewa jarida lake mwenyewe, na toleo baada ya toleo anatega mitego kumnasa Clark, na kila mara anachezewa mchezo ili aonekane amekosea. Nilizipenda hadithi hizo nikiwa mdogo. Nilipozirudia nikiwa na binti zangu, sikuzipenda.

Clark alimwambia Lois kwenye Action Comics toleo la 662, Februari 1991. Zaidi ya miaka 50! Lakini angalieni jambo moja ambalo waandishi wa kipindi kile walilifanya kwa ustadi: alipoambiwa, alikuwa ameshakubali kuolewa. Aliyemvisha pete alikuwa Clark, mwenye miwani, bila joho wala kuruka. Yule Siegel wa darasani hatimaye alipendwa kabla ya kujulikana.

Najua swali lenu, na vijana wamelishikilia tangu nilipoingia. Miwani? Miwani tu ndiyo inamficha mtu?

Aliyekulia mitaa ya pwani hawezi kulicheka swali hili haraka. Mama amejifunika buibui kutoka utosini mpaka kisiginoni, barakoa usoni kama walivyovaa mabibi wa Unguja wa zamani, na mtoto wa miaka sita barazani anasema, "Shikamoo shangazi." Kamjua kwa mwendo. Kumbe kinachomtambulisha mtu kiko kwenye mabega na kisigino kuliko puani. Basi mtu akiweza kuubadili mwendo wake, uso hauna haja ya kufunikwa. Mwaka 1978 mwigizaji Christopher Reeve alilionyesha hili katika filamu kwa sekunde chache tu. Clark yuko sebuleni kwa Lois, Lois yuko chumbani anajiandaa. Clark anavua miwani. Anajinyoosha. Mabega yanapanda, kifua kinajaa, sauti inashuka chini, na mbele yetu anasimama mtu mwingine. Anafungua kinywa amwambie. Kisha anaghairi, mabega yanaporomoka, miwani inarudi, na yule mwingine ametoweka. Hakuna mitambo wala mwanga wa ajabu, ni mgongo wa mtu tu.

Yuko mmoja aliyepewa jibu kamili mkononi akalitupa. Toleo la pili la Superman ile iliyoanzishwa upya na John Byrne, Februari 1987. Tajiri Lex Luthor amekusanya kila kipande cha habari kuhusu Clark Kent na Superman, akaviingiza kwenye kompyuta, akaiuliza kuna uhusiano gani. Kompyuta ikajibu: Clark Kent ni Superman. Luthor akakasirika, akamfukuza kazi mtaalamu wake wa kike aliyeisimamia kazi ile. Hoja yake? Mwenye nguvu kama zile hawezi hata siku moja kukubali kujifanya mtu wa kawaida, kuagizwa na mhariri, kupanga foleni. Alimpima mwenzake kwa moyo wake mwenyewe. Hadithi ile niliipenda hata nikaipeleka darasani, kwenye somo la vyanzo vya historia, kuwaonyesha wanafunzi kwamba ushahidi hautoshi kama msomaji hataki kuamini.

Wengine hawakuhitaji kompyuta. Mwaka 1971, Batman toleo la 232, mzee wa ajabu aitwaye Ra's al Ghul anatokea ndani kabisa ya pango la Batman, mahali ambapo hakuna anayepajua. Alifikaje? Alijiuliza mtu wa namna hii ananunua nini. Magari yale, vifaa vile, nani anavilipia? Akafuata manunuzi mpaka kwa tajiri Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman mwenyewe.

Nikaisoma nikacheka, maana mtaani kwetu tunamjua Ra's al Ghul. Ni muuza genge. Baba mwenye nyumba ndogo anaweza kumficha mkewe, akamficha mchungaji, akamficha mjumbe wa mtaa, lakini muuza genge anajua, maana ndiye anayemfungia mafungu mawili ya mchicha yanayoelekea njia mbili. Naona akina mama mnacheka. Akina baba mmenyamaza.

Haya, tuache utani, maana sasa nafika kwenye hadithi ninayoiona nzito kuliko zote, nayo ni ya Spider-Man.

Peter Parker, kijana aliye ndani ya vazi la Spider-Man, alitokea Agosti 1962, mikononi mwa Stan Lee na Steve Ditko. Ditko alimfunika uso wote, hata macho hayaonekani. Na Peter ana sababu moja anayoirudia kila anapobanwa: siwaambii ninaowapenda ili maadui wasiwaguse. Sentensi hiyo imesemwa katika katuni mara nyingi hata tumeizoea kama "Bismillahi" ya kila safari. Naomba tuikague.

Mwaka 1966, toleo la 39 la Amazing Spider-Man, adui yake Green Goblin anamfuatia kimya kimya mpaka anamwona akibadili nguo. Kuanzia hapo adui mkubwa kuliko wote anajua. Mwaka 1970, toleo la 90, kapteni mstaafu wa polisi, George Stacy, anamwokoa mtoto mdogo asiangukiwe na kifusi, na kifusi kinamwangukia yeye. Spider-Man anamtoa, anampandisha juu ya paa. Mzee anakata roho. Na katika pumzi zake za mwisho anamwita kijana yule kwa jina lake, Peter, na kumwachia binti yake, Gwen, amtunze.

Mzee alikuwa anajua! Alikuwa anamkaribisha sebuleni, anamtazama akimchukua binti yake matembezini, na hakusema neno. Hakumtisha wala hakumtega. Alinyamaza mpaka alipokuwa hana tena muda wa kunyamaza, na hata alipofungua kinywa hakumlaumu, alimkabidhi mtoto.

Gwen, kwa upande wake, hajui. Anaamini Spider-Man ndiye aliyemuua baba yake, na anamlilia Peter begani akimlaani Spider-Man. Peter anampapasa mgongo, ananyamaza. Juni 1973, toleo la 121, Green Goblin anamteka Gwen na kumrusha kutoka juu ya daraja. Spider-Man anarusha utando, unamnasa, lakini anamvuta juu akiwa amekufa.

Sasa tufanye hesabu. Nani alijua? Adui alijua. Baba alijua, akafa nalo. Asiyejua ni yule yule anayedaiwa kulindwa na kutokujua kwake. Siri haikumzuia Goblin hata hatua moja, ilimzuia Gwen tu. Angejua, pengine angehama mji, au angemwacha huyo kijana, au angebaki kwa hiari yake, macho wazi. Hakupewa hata nafasi ya kuchagua. Watu wa rika langu wanakikumbuka kifo hicho kama siku katuni zilipoacha kuwa za watoto. Mimi nakikumbuka kama siku ile "Bismillahi" ya Peter ilipoanza kunikwaruza sikio.

Waandishi waliofuata nadhani walilisikia hilo. Mwaka 1984 Mary Jane Watson, aliyekuja kuwa mke wa Peter, alimwambia Peter kwamba anajua, na amejua siku nyingi. Kitabu kimoja cha mwaka 1989 kikasema alimwona akitoka dirishani usiku ule ule mjomba wake Ben, aliyemlea, alipouawa. Mnakumbuka Mary Jane wa mwanzo, anayecheka, anayecheza, anayekimbia kila mazungumzo mazito? Rudini mkamsome upya mkijua anajua. Vicheko vyake vinakuwa kitu kingine.

Na shangazi May, mjane wa Ben, aliyemlea Peter kama mama. Kwa miaka karibu 40 Peter aliamini kwamba mwanamke yule akiambiwa atakufa kwa mshtuko wa moyo. Mwaka 2001 alimkuta Peter amelala, amejaa majeraha, vazi limechanika kando yake. Hakufa. Mwaka uliofuata likatolewa toleo zima ambalo halina ngumi hata moja, mama na mtoto wanazungumza chumbani tu. Peter anakiri kwamba alimwachia apite mwizi ambaye baadaye alimuua mjomba. Na May naye, kumbe, amebeba lake: usiku ule yeye na mumewe walikwaruzana, ndiyo maana mzee alitoka nje. Kila mmoja aliishi miaka yote akidhani yeye ndiye muuaji, wakipitishiana chai. Siri ya mmoja ilikuwa imeifungia na siri ya mwingine ndani.

Mtaniuliza: mwalimu, unataka basi shujaa amwambie kila mtu? Hapana. Hapo namgeukia Karen Page.

Karen alikuwa karani na mpenzi wa Matt Murdock, wakili kipofu wa New York ambaye usiku ni Daredevil. Mwaka 1986, Frank Miller na David Mazzucchelli wanatuonyesha Karen baada ya miaka mingi: yuko Mexico, heroini imemmaliza, hana kitu cha kuuza. Halafu anakumbuka anacho kimoja. Anaandika jina kwenye kikaratasi, analiuza kwa dozi. Jina linapita mikono kadhaa mpaka kwa Kingpin, jambazi mkuu wa mji, naye anaanza kumbomoa Matt kidogo kidogo: fedha za benki zinazuiwa, leseni ya uwakili inaondoka, nyumba inalipuliwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili hadithi hiyo si ngeni. Fumo Liyongo wa Pate hakuwa na barakoa. Alikuwa pandikizi la mtu, kila mmoja alimjua kwa sura na kwa sauti ya pembe yake. Siri yake haikuwa jina, ilikuwa mwili: hafi kwa mkuki wala mshale, isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliiweka kwenye utenzi mwaka 1913, na wengi wenu mliisoma shuleni. Nani aliipata siri ile? Si majeshi ya sultani. Mwanawe wa kumzaa, aliyeahidiwa mali na mke, ndiye aliyemuuliza baba yake, na baba akamwambia. Kikulacho ki nguoni mwako. Kijana alidunga, alichoahidiwa hakukipata, na Liyongo akafia kisimani amepiga goti, upinde mkononi, hata watu wa mji wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai.

Lakini linganisheni mwisho. Matt anampata Karen, naye Karen yuko tayari kwa adhabu yoyote, na Matt anamkumbatia. Nyumba ile, leseni ile, fedha zile, anasema hajapoteza kitu. Miller si mwandishi mpole, mnaomjua mnajua. Ndiyo maana kurasa zile zinanishika.

Kwa hiyo aliye karibu anaweza kukuuza. Tusidanganyane. Ila hesabuni ni wangapi walioweza kuuza, wasiuze. Alfred, mtumishi wa Bruce Wayne, alipotokea mara ya kwanza mwaka 1943 aligundua siri kwa bahati tu, akaendelea kupeleka chai. Tim Drake alikuwa mtoto mdogo alipopelekwa sarakasini akamwona mwanasarakasi kijana, Dick Grayson, akipinduka hewani mara nne, kitu ambacho ni wachache mno duniani wangekiweza. Akiwa na miaka tisa akamwona Robin, msaidizi wa Batman, kwenye televisheni akipinduka vile vile. Akaunganisha. Mtoto wa miaka tisa ana siri ambayo magazeti ya Gotham, mji wa Batman, yangeinunua kwa gari la fedha, na anaitunza miaka. Anaitoa mwaka 1989 tu, pale anapoona Batman anaangamia kwa majonzi na anahitaji mtu.

Na kuna kamishna Gordon wa polisi ya Gotham. Katika hadithi ya mwaka 1987, ya Miller na Mazzucchelli hao hao, mtoto mchanga wa Gordon anaangushwa kutoka darajani, na kijana mmoja asiye na barakoa anajirusha nyuma yake, anamdaka, anamrudishia baba. Wamesimama uso kwa uso kwenye mwanga wa mchana. Miwani ya Gordon imeanguka. Anamwambia yule kijana kwamba bila miwani haoni kitu, na kwamba ving'ora vinakaribia, ni vema aondoke.

Je, haoni kweli? Wasomaji wamebishana juu ya hilo tangu niwe na nywele nyeusi. Mimi nasema Waswahili tunalo neno la kitendo kile, na si uongo wala si upofu. Ni sitara. Gordon alimsitiri. Unaingia nyumba ya mtu ghafla, unamkuta hajajifunga vizuri, unageuza uso na kusema, "Lo, giza humu ndani." Giza halipo. Mnajua wote wawili kwamba halipo. Hilo ndilo linalomlinda Batman kuliko kitambaa kile cheusi. Barakoa inaweza kuvuliwa na yeyote mwenye vidole. Inayomsitiri shujaa ni idadi ya watu walioona na kusema kuna giza.

Nikishaliona hivyo, naelewa kwa nini wale wanaojitangaza hadharani hawanigusi sana. Mwaka 2008 katika filamu Tony Stark anapewa karatasi yenye uongo wa kusoma, ule ule wa tangu 1963 kwamba Iron Man ni mlinzi wake, anaiweka chini anasema ni mimi. Ukumbi ulishangilia, nami nilishangilia. Mwaka 2006 Peter Parker alivua barakoa mbele ya kamera. Superman naye akajitangaza mwaka 2019. Lakini jambo likishajulikana na wote, hakuna tena anayemsitiri mwenzake. Black Panther tangu 1966 ni mfalme T'Challa, na wale Wanne, Fantastic Four, wa mwaka 1961 hawakuwahi kuficha majina yao. Ni hadithi nzuri, ila mzigo wake uko kwingine.

Na tazameni waandishi wanavyojuta! Peter alipojitangaza, risasi iliyomlenga ikampata shangazi May, na mwaka 2007 akauza ndoa yake kwa pepo Mephisto ili shangazi apone, na dunia isahau jina lake. Kwangu ile ni hadithi mbovu kuliko zote zilizowahi kutolewa kwa jina la Spider-Man, na niko tayari kubishana na yeyote wakati wa chai. Filamu ya mwaka 2021 ilifanya usahaulifu huo kwa uzuri zaidi, kwa sababu gharama ilimwangukia Peter mwenyewe: anasimama mbele ya msichana anayempenda, naye anamwuliza amhudumie nini, kama mteja asiyemjua. Superman naye, watu walisahaulishwa jina lake, safari hii kwa mkono wa Luthor. Kila mara mtungi unafunikwa upya, kama McCulley alivyomfunika Zorro zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Kabla sijamaliza, neno juu ya waliotunga mambo haya, maana nao walikuwa na majina mawili mawili. Stan Lee alizaliwa Stanley Lieber. Jack Kirby alikuwa Jacob Kurtzberg. Bob Kane alikuwa Robert Kahn. Watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, katika nchi ambayo jina lako lingeweza kukufungia mlango wa kazi. Mnashangaa wakiandika juu ya mtu mwenye jina la nyumbani na jina la nje?

Na Batman, kwa miaka mingi kila jarida liliandika kwamba aliundwa na Bob Kane, peke yake. Mtu aliyemshauri Kane kuweka joho, masikio yale, rangi ile ya giza, aliyetoa majina ya Bruce Wayne na Gotham, ni Bill Finger. Mwaka 1965 Finger aliwasimulia wapenzi wa katuni mjini New York, mmoja akaandika, na Kane akakana kwa barua kali. Finger alifariki mwaka 1974. Mwaka 1989 Kane alikiri katika kitabu chake kwamba Finger alistahili zaidi. Jina lake lilianza kuandikwa rasmi mwaka 2015. Wenzake kazini walijua miaka yote ile. Kata zilikuwepo, zikanyamaza, na pale kunyamaza hakukuwa sitara. Ilikuwa dhuluma. Nimejaribu mara nyingi kuchora mstari kati ya kimya cha kapteni Stacy na kimya cha ofisi ile. Naona tofauti iko kwa yule ambaye kimya kinamfaa, ingawa hata hapo Gwen ananisumbua, maana kimya cha baba yake kilimfaa Peter.

Yule nimpendaye kuliko wote nimemweka mwisho. Anaitwa Pete Ross, rafiki wa utotoni wa Clark Kent, mtoto wa Smallville, mji mdogo alikokulia Clark, asiye na nguvu yoyote. Superboy, yaani Superman akiwa kijana, toleo la 90, mwaka 1961. Wawili hao wamekwenda kupiga kambi. Usiku mvua inakuja. Umeme unamulika ndani ya hema, na katika mmuliko huo mmoja Pete anamwona rafiki yake akibadili nguo, vazi la Superboy limetokeza chini ya shati. Kisha giza tena. Kesho yake hasemi. Hamwambii hata Clark. Anaanza tu kumsaidia kwa chini chini: Clark akihitaji kutoweka, Pete anapata la kuwashughulisha watu, swali likielekea pabaya, analigeuza. Na Clark, mwenye macho yanayopenya ukuta na masikio yanayosikia mbali, hajui kwa nini siku hizi mambo yake yanakwenda vizuri.

Chai iko nje, na nimeambiwa kuna vitumbua. Mwenye swali aniulize sasa. Na kama kuna yeyote humu mwenye jarida la Batman ambalo mtu amepiga magoti na vidole viko kwenye barakoa, tafadhali asiniambie mbele ya watu. Anifuate nje.